Bibi Niliyekwenda Kumwokoa Jeju

Jamani, hili nalisema kwa aibu. Mimi na mke wangu Zuwena tulitoka Ibra, Oman, tukenda kutembea kisiwa cha Jeju, Korea. Tulipanda mlima, tukachuma machungwa, na siku ya tatu tukashuka pwani penye mawe meusi.

Huko nikamwona bibi kizee akizama. Nikangoja, hakuibuka. Mara akaibuka mbali, akatoa mluzi mwembamba kama wa mtu anayekata roho, akazama tena.

"Zuwena, yule bibi anakufa maji!"

"Ngoja kwanza, Saidi!"

Sikungoja. Nilijitosa na nguo zangu, na kuogelea kwenyewe nimejifunzia kwetu kwenye vidimbwi vya wadi, bonde linalopita maji ya mvua. Wimbi likanifunika, nikanywa maji ya chumvi, miguu haipati chini. Nikatamka shahada.

Mkono ukanikamata ukosini, ukaniburura mpaka kwenye mawe. Ni yule yule bibi, na wavu wake umejaa chaza. Watalii wakapiga makofi.

Zuwena alikuwa amesimama mbele ya kibao, akanisomea polepole: "Hawa ni wanawake wapiga mbizi. Mluzi ni pumzi wanayoitoa wakiibuka. Tafadhali msiwasumbue kazini."