Mume wa Bibi Chanthou

Bibi Chanthou alipaka sukari kwenye donati za duka letu, mtaa wa Anaheim, Long Beach, tangu nikiwa msichana hadi nikawa na watoto wangu. Mdomo wake ulikuwa mkali. Mteja akiuliza kama donati ni za leo, humjibu, "Wewe mwenyewe si wa leo, na tumekupokea."

Kilichomshinda ni kupata usingizi. Zama za Pol Pot, kabla watu wetu hawajakimbilia huku, mkokoteni wa ng'ombe ulimchukua mumewe Sareth, mpiga zeze wa harusini, ukarudi mtupu. Hakuna aliyemwambia kitu. Basi kila mwaka, siku za kuwalisha wafu, sisi tukienda hekaluni alfajiri kuwarushia mabonge ya wali na kuwataja kwa majina, yeye alibaki dukani. Kumtaja mtu aliye hai miongoni mwa wafu ni kumzika, na hakutaka kumzika mumewe kwa kubahatisha. Wanaume walimposa, akawafukuza.

"Nina mume," aliwaambia. "Amechelewa tu."

Kisha kituo cha jamii kikaanzisha Jumamosi za wazee: kuchora, kusikiliza muziki, kutuliza moyo. Nilimburuta twende.

"Walituua kwa majembe," alilalamika njiani, "leo tunapewa rangi kama watoto wa chekechea."

Lakini mzee mmoja wa pale, Heang, alipopiga zeze lake la nyuzi mbili, Bibi Chanthou akasinzia kitini, akakoroma mbele za watu. Tangu hapo hakukosa. Alimpelekea Heang donati na utani juu yake.

"Kula, mzee. Kwa mikono hiyo utaangusha zeze."

"Ukinilisha hivi, dada, mumeo akirudi itakuwaje?"

"Atakupiga, na mimi nitakushika miguu."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile bado kinanichefua.

Baadaye vidole vya Heang vikaanza kutetemeka. Daktari alisema ni uzee. Yeye aliamini mengine. Kwetu mpiga ala humtaja mwalimu wake kabla ya kugusa nyuzi, na mwalimu aliyekufa akinyimwa ubani wake humwadhibu mwanafunzi mikononi. Heang alikuwa amemnyima mmoja wa walimu wake ubani huo miaka yote. Basi akaandaa ibada pale kituoni: mishumaa, ndizi, kichwa cha nguruwe, na sisi tumekaa mkekani. Akawasha ubani, akawataja walimu wake marehemu mmoja mmoja. Wa mwisho alimtaja kwa sauti ndogo.

"Mwalimu Nhem Sareth."

Bibi Chanthou hakupiga kelele. "Mzee, huyo ni mume wangu. Nani kakwambia amekufa?"

Heang akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nilikuwepo."

"Sema."

"Makada wa Pol Pot walitaka mpiga zeze mmoja wa mikutano yao. Tulikuwa wawili. Nikawaambia mimi najifunza nyimbo zao, yule ni wa nyimbo za matajiri. Wakampakia mkokotenini. Nikaambiwa nipige, ili sauti yake wakimuua isisikike. Nikapiga."

"Na umekula donati zangu ukijua."

"Nisamehe, dada. Niliogopa."

Aliogopa! Hakumwogopa mjane aliyekaa mbele yake akimngoja mfu. Aliogopea vidole vyake, ndipo akasema.

Siku za wafu zilipofika, Bibi Chanthou alikwenda hekaluni kwa mara ya kwanza. Alirusha wali gizani akimwita Sareth mpaka sauti ikamkauka. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Nimekataa wanaume wazuri, unajua?" Hapo ndipo alipolia.

Nilidhani hatakanyaga tena kituoni. Jumamosi iliyofuata alikuja, akakaa kiti cha mbele. Heang alikuwa anafungasha zeze lake aondoke.

"Piga," alimwambia.

"Vidole vinakataa, dada. Niruhusu kwanza nimtaje mwalimu, vitatulia."

"Yule ni mfu wangu mimi. Usimtaje tena kwa kinywa chako. Piga hivyo hivyo."

Tungeweza kumtetea yule mzee. Hakuna aliyefungua mdomo, hata mimi. Akapiga huku machozi yakimtoka, vidole vikiteleza, zeze likikwaruza. Bibi Chanthou alimkodolea macho, hakupata hata lepe la usingizi. Wimbo ulipokwisha, alimwambia aanze upya.