Sarafu Niliyoisugua kwa Majivu

Juzi nilipita mjini hapa Durban, pale palipokuwa na duka la simu ambamo baba alikodi kona ya meza ya kutengenezea saa. Sasa wanauza nywele za bandia. Nilisimama mlangoni kama mjinga mpaka msusi akaniuliza, "Dada, unataka kusuka?" Nikatikisa kichwa, nikaondoka. Ngoja nikuambie wewe.

Kwetu Uvira, Kongo, baba alikuwa fundi wa saa, na ugonjwa wake ulikuwa sarafu za fedha za Marekani, zile za mwanzo kabisa, taifa lao lilipokuwa changa. Alikuwa nazo kumi na moja. Nyingine alipewa na wafanyabiashara Wagiriki badala ya ujira wa kutengeneza saa zao. Vita ilipotutoa, alivuka mipaka na mimi na sarafu moja tu, ile bora, ameishonea ndani ya mkanda wa suruali. Mama alibaki na mdogo wangu mchanga. Sarafu ikiuzwa, mama anakuja Durban. Hilo nililijua kama jina langu.

Jumapili, tukishatoka ibadani na kula bugali na sombe ya majani ya muhogo, baba alinawa mikono akaifungua sarafu kutoka kitambaani. Mwanamke aliyechorwa pale, nywele zake zilihesabika uzi kwa uzi, maana sarafu ile haikuwahi kuzunguka sokoni ikachakaa. Lakini ilikuwa nyeusi, na ukingoni ina bluu kama shingo ya njiwa. "Shika pembeni tu," baba alisema. "Vidole viko na chumvi." Nilikuwa na miaka tisa, nikashika pembeni.

Kisha akapatikana mkusanyaji wa sarafu, mzee wa kule Berea, mtaa wa wenye pesa, akaahidi kuja kwetu Jumamosi mchana. Asubuhi baba akiwa kazini nilipiga deki, nikachemsha chai. Nikamkumbuka mama, aliyesugua sufuria kwa majivu na ndimu mpaka unajiona uso. "Mgeni hapokewi na chombo cheusi," alizoea kusema. Nikashuka barabarani kwa mama mchoma mahindi, teksi zikipiga honi, nikaomba majivu kiganja kimoja.

Niliitoa sarafu kitambaani, nikaisugua nimeishika pembeni, kama nilivyofundishwa. Iling'aa! Nilicheka peke yangu.

Mzee aliitazama kwa kioo chake cha kukuzia muda mrefu. "Nani ameisafisha?" aliuliza.

Baba aliona majivu kwenye kucha zangu. "Ni mimi," akajibu.

Kumbe ule weusi haukuwa uchafu. Ulikuwa umejijenga kwa miaka mia mbili, ukaulinda mng'ao wa siku ilipogongwa, na majivu yangu yalikuwa yamekwangua vyote viwili. Mzee alitaja bei ya kununulia godoro, si ya kumleta mtu kutoka Kongo. Alipoondoka, baba alikunywa chai yake iliyopoa, akaniambia, "Nilikuambiaka juu ya vidole. Juu ya majivu sikukuambiaka." Akaifunga tena kitambaani, na habari hiyo haikutajwa tena kwetu.

Kwenye simu alimwambia mama kwamba mnunuzi hakutokea. Kwa miaka sita wanunuzi waliendelea kutotokea, mpaka siku moja simu ikaita na aliyekuwa akimlilia mama upande wa pili ni mdogo wangu, nami sikuijua sauti yake.

Baba tulimzika hapa mwaka jana. Watu wawili walioweza kunisamehe hawapo tena, na mmoja wao hakuwahi kujua kuna cha kusamehe.