Vidole Vinne Chini ya Goti

Baba yangu alikuwa fundi wa sketi. Si fundi wa kushona kila kinacholetwa. Mashati alikataa, suruali alikataa, na ukimpelekea pazia anakurudishia bila hata kulikunjua. Sketi tu. Watu walimwita Fundi Pindo kwa sababu pindo la chini alilishona kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana upande wa nje hata ukiisogeza machoni. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kona yenye pazia ambamo wateja walijaribia nguo. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia daftari. Mpaka leo nikilikumbuka daftari lile napandwa na hasira.

Mteja akiingia, kabla tepu haijamgusa kiuno, Baba alimuuliza, "Mwenye nyumba anapenda ifike wapi?" Mwenye nyumba ni mume. Kama hana mume, basi mchumba. Kama hana mchumba, Baba alimkadiria huyo atakayekuja. Jibu liliandikwa daftarini, kila mwanamume na ukurasa wake. Alipoanza kazi, mume mmoja alimrushia sketi usoni mbele ya wateja, akidai mke wake amevalishwa nusu kitambaa. Baba hakuisahau aibu ile. "Mume akinuna, anayelaumiwa ni fundi," alisema. "Bora nijue mapema."

Nilipokuwa msichana nililisoma daftari lile kwa siri, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Mwalimu wa hesabu: ndefu, isibane, rangi isiyopiga kelele. Dereva wa lori: ya kubana, mpasuo nyuma, lakini ya kuvaliwa yeye akiwepo tu, akiwa safarini, ile pana ya mwamvuli. Muuza nyama: jinzi, haichafuki upesi. Askari mstaafu: katikati ya goti kamili, na rula alikuja nayo mwenyewe. Kinyozi alijaza kurasa tatu, maana alibadili mawazo kila alipopata gazeti jipya la picha. Mume wa mkunga alisema yoyote, na Baba akaweka alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa hakuamini kuna mwanamume asiye na neno juu ya sketi.

Nilicheka, nasema. Sikuona kwamba daftari zima halikuwa na ukurasa hata mmoja wa mwanamke.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Baba mwenyewe. "Mimi: vidole vinne chini ya goti. Nyembamba chini. Kitambaa kizito cha suti, kijivu au bluu ya giza. Lastiki hapana. Maua hapana." Hivyo ndivyo Mama alivyovaa siku Baba alipomwona mara ya kwanza, akivuka barabara na trei ya mayai mikononi. Akaoa, na kwa miaka thelathini na moja akamshonea sketi ile ile. Hakumpima hata siku moja. "Huyu namjua kwa mkono," alijigamba, na kweli zilimkaa sawasawa. Wanawake wa mtaani walimwonea Mama wivu, mke wa fundi, anavalishwa bila hata kupanga foleni.

Lakini Mama alikuwa na kovu. Mwaka wa kwanza wa ndoa, akimsaidia Baba kazi, pasi ya mkaa iliteleza mezani ikamwangukia mguu wa kushoto. Iliacha kovu pana, lililokunjamana, kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Sketi ya vidole vinne inaishia pale pale kovu linapoanza. Alipotembea, kila aliyekuja mbele yake alitazama usoni, kisha mguuni, kisha akajifanya anatazama pengine.

Nakumbuka alivyomwomba Baba mara ya kwanza. Nilikuwa mdogo, nimekaa chini ya meza ya kukatia nachezea vifungo.

"Baba watoto, nishonee moja ndefu," Mama alisema. "Ya pamba, laini, ifike kwenye kifundo."

"Hiyo ni ya bibi kizee."

"Watu wananitazama kovu."

"Mimi silioni," Baba alisema, akamshika bega taratibu. "Mimi naona miguu mizuri tu. Ukizeeka nitakushonea hiyo ndefu yako."

Alisema kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mkatili ningemchukia, yakaisha.

Mama alipofika miaka hamsini na tatu, sukari ilimshika. Kidonda kilitokea juu ya lile kovu, kidogo kama kifungo cha shati, kikapanuka, kikagoma kupona. Kila asubuhi nilimwosha na kumfunga bandeji mpya, na kila jioni bandeji ilikuwa imelowa. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kukaa dukani kwa Baba, ambako zamani alikuwa akipiga soga na wateja mpaka wanasahau walichofuata. Sketi zake za kijivu zilitundikwa kabatini, naye akashinda ndani amejifunga shuka.

Mwaka huo huo nikapata mchumba, fundi umeme, mtu wa maneno machache. Harusi ikapangwa Jumamosi moja. Wiki tatu kabla, tukiwa mezani watu watatu, Mama aliweka kijiko chini.

"Harusini kwa mwanangu nitakwenda na sketi ndefu," alisema. "Kama haipo, siendi. Sitakaa mbele ya wakwe bandeji ikiwa nje."

"Mama, nikununulie dukani," nilisema.

"Mke wa Fundi Pindo avae ya dukani? Baba yako amenikosea nini nimtukane mbele za watu?"

"Basi ujifunge shuka zuri."

"Nimetoka wodini?"

Baba alikuwa ameshika tama, anatazama mguu wa meza. Nilijua anapigana na nafsi yake, na nilimwombea ashindwe.

"Nitashona," alisema. "Chagua kitambaa."

Nilimletea Mama vipande vya kuchagulia, akavipapasa kimoja kimoja kama anayechagua mchele. Akachukua pamba laini, zambarau hafifu, yenye maua madogo meupe. Baba aliyatazama yale maua, akameza mate, akasema sawa. Mama alifurahi mpaka akaniomba nimsuke nywele siku ile ile, wakati harusi bado mbali. Kwa wiki mbili alizungumzia sketi ile kuliko alivyomzungumzia mkwe wake. Aliniuliza akikaa itafunika bandeji yote, na akisimama haitamtega. Sikuwahi kumwona akitaka kitu kwa namna ile.

Baba aliikata Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Nilikuwepo. Nilimwambia, "Baba, si umpime kwanza?"

"Nimpime mama yako? Mimi mwanagenzi?"

Alitandika kitambaa, akachukua chaki. Kinyozi alikuwa amekaa mlangoni analalamika kuhusu sketi ya mke wake, safari hii aliitaka ifike juu kidogo ya ilivyokuwa mwezi uliopita, na Baba alikuwa anamjibu huku anachora. Mimi nilikuwa kwenye simu na mchumba wangu, tunabishana juu ya viti vya kukodi. Niliusikia mkasi ukila kitambaa. Nilikuwa hatua mbili kutoka mezani na sikugeuka. Ningegeuka ningeona.

Ijumaa akamaliza pindo, akaikunja, akaifunga kwenye karatasi. Hakutaka Mama aione mpaka siku yenyewe.

Jumamosi asubuhi Baba aliingia chumbani na lile furushi la karatasi, ameshavaa koti lake la harusini. Mama alikuwa amekaa kitandani na blauzi nyeupe, nywele zimesukwa, bandeji mpya mguuni. Mimi nilikuwa mlangoni nimevaa gauni la bibi harusi, nasubiri nimwone. Baba akageukia ukuta, na mimi nikamsaidia Mama kuivaa. Zipu ikapanda vizuri. Kiuno sawa, nyonga sawa, hakuna mahali palipobana wala kulegea.

Akasimama. Sketi ikaishia vidole vinne chini ya goti.

Mama aliinamisha kichwa akatazama chini, akaishika sketi pembeni akaivuta kidogo, kama labda imejikunja mahali. Haikuwa imejikunja. Bandeji yote ilikuwa nje, kuanzia juu mpaka chini, nyeupe chini ya maua yale meupe.

Baba aligeuka. Nilimwona uso unavyobadilika, na sijawahi kuona mtu mzima akitishika namna ile mbele ya kitu alichokifanya mwenyewe. "Nimekata wapi?" alisema. "Mama watoto, nimekata wapi?" Alipiga magoti, akaweka vidole vyake vinne chini ya goti la Mama. Vikaenea sawasawa.

"Kipande kipo," alisema. "Kilichobaki kipo dukani. Naunga sasa hivi, dakika ishirini."

Alitoka mbio na koti lake. Mama akakaa. Nilimwuliza kama anataka maji, akasema hapana. Tulisikia magari yakipiga honi nje, yamekuja kunichukua.

Baba alirudi anahema. Kila Ijumaa jioni, mabaki yote ya dukani yalichukuliwa na mwanamke anayeshona mito, na Ijumaa hiyo Baba alimkabidhi fungu lake kama kawaida, bila kuangalia kilichomo. Alikuwa amemfuata hadi kwake. Mkononi alishika vipande vyembamba vya zambarau, vimeshakatwakatwa vya kujazia mito, na aliendelea kuvipanga kitandani kimoja baada ya kingine kana kwamba vinaweza kugeuka sketi.

"Acha," Mama alisema. "Umeshona vizuri. Imenikaa."

"Mama watoto, mkono tu huu. Nilipokuwa nashona pindo niliitazama, nikaona imependeza. Wallahi niliona imependeza."

"Najua. Nenda na mtoto. Mtoto hawezi kwenda peke yake."

Nilipiga magoti nikamsihi. Nilimwambia bandeji si kitu, wakwe wanajua anaumwa. Alinifuta machozi kwa kidole, akaniambia nitaharibu poda. Basi nikaolewa, Baba akiwa upande wangu mmoja na kiti kitupu upande wa pili. Katika picha zote Baba anatazama chini, na watu wakiziona huniuliza anatafuta nini.

Miezi minne baadaye madaktari waliukata mguu. Baba alikuwa ameshashona sketi ndefu tatu: moja ya pamba, moja ya satini, moja yenye maua makubwa ambayo zamani asingekubali hata yapite mlangoni kwake. Alizitundika mbele ya kitanda. "Nzuri," Mama alisema. "Sasa niende nazo wapi?" Hakuvaa hata moja. Alifariki kabla mwaka haujaisha, mchana, nikiwa nimetoka kumchemshia chai.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Baba. Siku nyingine nadhani mkono wake ulikata tu ulipozoea kukata, kwa hiyo hana kosa. Siku nyingine nadhani hilo ndilo kosa lenyewe. Kwa miaka thelathini na moja alimjua mtu kwa mkono, asimsikie kwa sikio. Nikimwona alivyokonda, hasira inaniisha. Nikifika nyumbani inarudi.

Mwezi uliopita nilikwenda dukani kwake. Nilihitaji sketi ya kazini, na nilitaka awe na kitu cha kufanya. Kioo kilikuwa pale pale na ufa wake. Msumari ulikuwa ukutani, lakini daftari halikuwepo. Sikuuliza limekwenda wapi. Alinyanyua tepu, akanisimamisha mbele ya kioo, akafungua mdomo.

"Mwenye nyumba anapen..."

Alisimama nyuma yangu na tepu mkononi. Alijikaza. Akanizunguka, akasimama mbele yangu, akaniangalia machoni kama mteja anayemwona mara ya kwanza.

"Samahani, mama," alisema. "Wewe mwenyewe. Unapenda ifike wapi?"

Lilikuwa swali ambalo Mama alilisubiri maisha yake yote. Nilikuwa nimejiandaa kulijibu, hata nilikuwa nimejiandaa kulia. Nikafungua mdomo niseme, na kilichonijia ni kwamba mume wangu anapenda za magotini, zisizo nyeusi, zisizo na mpasuo. Nikakifukuza nikatafuta kingine. Nilitafuta muda mrefu, Baba amesimama pale na tepu yake ananisubiri bila kunikimbiza.

"Sijui, Baba," nilimwambia.