Upinde Ambao Baba Aliusikiliza

Baba yangu anakaa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi ninakaa Baraka, mji wa kwetu tulioukimbia. Kila Jumapili nikitoka kanisani ninampigia simu, na kwa miaka sita, kabla hata hajaniuliza kama nimekula, nilikuwa ninamuuliza swali moja tu: "Baba, utarudi lini?" Mara goti linamuuma. Mara mvua imezidi. Mara anangoja kwanza avune maharagwe yake. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilichoka, na mimi nikichoka mdomo unanitangulia. Nikampigia kelele jinsi binti asivyotakiwa kumpigia baba yake: "Sema tu kama hautaki! Sema, nijue moja!"

Nilisikia anavuta kiti, anakaa. Kisha akasema polepole, "Mama, nitarudia namna gani? Siku tulikimbia, upinde yangu ilibakia juu ya mulango. Leo niingie ku ile nyumba mikono mitupu, sawa mugeni? Unitengenezee upinde. Siku italia muzuri, nitavuka."

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Sisi watatu tulivuka pamoja, yeye, mama yangu na mimi, nikiwa msichana. Mama alifia kule kambini na kule kule tulimzika. Baadaye mimi nikarudi na wale waliorudi kwanza, nikakuta nyumba imebaki kuta tu, nikaiezeka upya. Baba alisema nitangulie, yeye yuko nyuma yangu. Nimemngoja tangu siku ile.

"Ninunue?" nikamuuliza.

"Apana! Ya kununua haiko ya kwetu. Utengeneze na mikono yako."

Aa, Mungu wangu! Mimi ni mshonaji. Nina cherehani yangu kwenye baraza, ninashona sare za shule na nguo za kwaya. Na huyu ni baba yule yule aliyekuwa akinifukuza nilipokuwa mdogo nikisogelea mahali anapochonga, eti mtoto wa kike ana kazi gani na upinde. Hakupata mtoto wa kiume, lakini hata hivyo hakunifundisha. Nilikuwa ninamwangalia kutoka jikoni. Ninachokumbuka zaidi ni mwisho wa kazi: anafunga kamba, anainamisha kichwa, anaweka sikio karibu na mti, anapiga kamba kwa kidole. Anasikiliza. Anakunja uso, anakaa chini tena, anakwangua. Siku upinde ukimridhisha alikuwa anacheka peke yake, na mama alikuwa anasema, "Muangalie, ameisha kuongea na muti yake."

Nilitaka kumsikia akicheka vile ndani ya nyumba yangu. Kwa hiyo Jumatatu nikachukua panga.

Jirani yangu wa shamba ni mzee mmoja mkimbizi kutoka Burundi. Mihogo yake na yangu imepakana, kando ya barabara ya kwenda Mboko. Nilimkuta anapalilia, nikamwambia natafuta mti wa upinde. Akaegemea jembe lake akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama, unataka kuua nani?"

"Mzee, nikikosa mwingine nitaanza na wewe."

Alicheka sana. Kumbe kwao walikuwa wanachonga, na ingawa yeye mwenyewe aliacha zamani, macho yake hayakusahau. Tulipanda naye mlima, akanionyesha mti wa mukole, mnene kama kifundo cha mkono wangu, umenyooka, hauna jicho la tawi. Akakata mmoja. Nikamwomba akate wa pili. "Wa nini?" Nikamwambia, ninajijua. Nikaibeba begani mpaka nyumbani, na wamama wa kwaya waliokuwa wananingoja nipunguze nguo zao wakanipokea kwa vigelegele. "Jamani, huyu amechoka na sisi! Anatafuta nyama ya pori!"

Ule wa kwanza niliuharibu kwa wiki moja. Sikungoja ukauke. Tena nilifanya kama mshonaji. Nilichukua futi yangu ya kushonea, nikapima urefu, nikatia alama ya kalamu katikati, nikachonga mkono wa juu wa upinde na mkono wa chini ikawa sawasawa kabisa, unene ule ule. Na kwa sababu sipendi kazi chafu, niligeuza mti nikaulainisha pia mgongo wake, upande wa nje uliokuwa chini ya ganda, mpaka ukang'aa. Ulikuwa mzuri! Niliuweka barazani watu wauone. Nikafunga kamba, nikavuta, na ukavunjika mbele ya mteja. Kipande kimoja kilinipiga kidevuni.

Jumapili nilimweleza baba. Alicheka mpaka akakohoa.

"Umepima na futi?"

"Nimepima."

"Mama, muti haiko kitambaa! Mukono moya inaweza kuwa nyembamba na ikuwe nguvu kupita ingine. Ukunje kidogo, uangalie fasi yenye inakataa. Pale njo utakwangua. Na mugongo usiiguse hata siku moya. Mugongo njo inabeba yote."

Nilikasirika kwa kuchekwa, lakini nilifurahi pia. Miaka sita simu zetu zilikuwa za goti na maharagwe. Siku ile alinifundisha nusu saa nzima, na sauti yake ilirudi ile ya zamani, ya mtu mwenye kazi.

Mti wa pili niliufanya kwa adabu. Nilipaka udongo kwenye ncha zake ili usipasuke, nikauweka juu ya utara wa jikoni, pale ninapokaushia samaki. Miezi miwili. Ukatoka hapo mkavu na wenye harufu ya samaki isiyoondoka mpaka leo. Nikaanza kukwangua upande wa tumbo, ule wa ndani, kwa kipande cha chupa, kidogo kidogo, asubuhi kabla ya wateja. Niliukunja, nikaangalia mahali panapokataa, nikakwangua hapo. Vumbi lake lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo. Mikono yangu iliyozoea sindano ilitoka malengelenge, na wamama wa kwaya wakaona mishono yao imeanza kupinda.

Siku upinde ulipokubali kukunjika pande zote mbili, niliufunga kamba ya nailoni waliyonisokotea wavuvi wa Lweba. Jumapili nikaweka simu karibu, nikapiga kamba kwa kidole.

"Hiyo ni kamba ya wavu," baba akasema papo hapo.

"Baba! Umejuaje?"

"Si minasikia? Inalia sawa mubu ku sikio. Utafute ngozi ya mbuzi."

Niliona ni uchawi. Macho yake yameanza kuingia ukungu, ameniambia mwenyewe, lakini masikio yamebaki mazima. Nikaenda kwa wachinjaji wa mbuzi sokoni, nikapata ngozi, nikaikata ukanda, nikaisokota mbichi, nikaivuta kati ya miti miwili mpaka ikakauka. Jumapili iliyofuata nikapiga tena.

Akaniomba nipige mara ya pili. "Sasa ni sauti ya muti," akasema. "Lakini bado. Ondoa kidogo ku mukono ya chini."

Nikaondoa. Jumapili nyingine: "Bado kidogo. Ku mukono ya juu." Nikaondoa. "Bado kidogo, mama. Iko karibu."

Iko karibu! Neno hilo lilinitoa akili. Nilipaka chokaa chumba cha nyuma. Nilimwagiza seremala kitanda kifupi, ili goti lisimsumbue kupanda. Nilishona shati la baba, jeupe lenye mifuko miwili, kwa kukisia mabega yake ninayoyakumbuka. Nililitundika kwenye msumari chumbani, na nikipita ninalinyoosha mikono. Nilikuwa ninamwona kabisa. Yuko barazani, ameweka kiti kwenye jua la asubuhi, anawakaripia wateja wangu. Jioni anauliza ugali uko wapi. Nilimtamani baba yangu hata kwa ukali wake. Mtu asikwambie kwamba mtu mzima hamlilii baba. Mimi nina watoto wakubwa, na nilikuwa ninalia nikikwangua mti.

Zikapita Jumapili tano. "Bado kidogo."

Siku moja yule mzee jirani alipita kuniletea sombe, majani ya mihogo yake. Akauona upinde umeegemea ukuta, akauchukua, akauvuta taratibu mpaka kidevuni, akauachia taratibu. Akauangalia mkono wa juu, akauangalia wa chini. Akaniangalia mimi.

"Mama, nani anakuambia uendelee kukwangua?"

"Baba. Anasema bado."

"Huu ulikuwa tayari siku nyingi. Wiki tatu, pengine nne. Umeanza kuwa dhaifu. Ukiondoa tena, utafukuza nao vifaranga."

"Baba anasikia kwa simu. Anajua kuliko sisi."

"Ndiyo," mzee akasema. "Anajua." Akauweka chini polepole, akachukua jembe lake, akaenda.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona. Mtu anayejua nailoni na ngozi kwa kusikia mara moja, atashindwaje kusikia upinde uliokuwa tayari? Hasira ilinipanda, nikawaza maneno ya kumwambia, maneno makali, nikayapanga moja baada ya jingine. Kisha nikakumbuka jinsi anavyoanza simu zetu. Kila Jumapili anasema, "Ngoja kidogo, niko natoka kwa mama yako." Kila Jumapili. Anakwenda kufagia kaburi, anang'oa majani, anakaa. Nilisikia maneno hayo miaka sita na sikuwahi kuyasikiliza. Nilikuwa ninangoja tu amalize ili nimuulize atarudi lini.

Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Nilijua kwamba baba hatarudi.

Jumamosi nilipiga misumari miwili juu ya mlango, nikaupandisha upinde pale. Sikutaka kuuondolea hata chembe moja zaidi. Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na nilijiuliza tutazungumza nini sasa. Goti? Maharagwe? Nilijua kwamba nikimwambia umekwisha, itabidi aniambie haji, na sikutaka aliseme neno hilo kwa kinywa chake. Basi nikaenda jikoni nikachagua kuni moja ya mkaratusi, imenyooka vizuri, nikachukua na kipande changu cha chupa.

Jumapili nikampigia. Alikuwa anatoka kwa mama. Tukasalimiana, akaniuliza kazi imefika wapi. "Niko ninakwangua, Baba," nikasema, nikaweka simu chini karibu na goti, nikaanza kukwangua ile kuni.

Alisikiliza. Kwake kuku walikuwa wanalia, na mtoto wa mtu alikuwa anaita mwenzake.

"Mama," akasema.

"Baba."

"Ile muti haiko yetu."

Mkono wangu ukasimama. Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Ndiyo, Baba."

"Yetu iko wapi?"

"Iko juu ya mulango."

"Inalia muzuri?"

"Inalia muzuri, Baba. Siku mingi."

"Minajua," akasema. "Mi nilisikia." Nikasikia anavuta kiti tena. "Mama yako hana muntu hapa, unaona? Nikitoka, atabakia na nani?"

"Ninaona, Baba."

"Usinikasirikie."

Nilitaka kumwambia kwamba nimekasirika sana, kwamba kitanda kipo, shati lipo, kwamba na mimi sina mtu hapa. Yote yalikuwa mdomoni, na mdomo wangu haujawahi kunyamaza kwa mtu. Nikasema, "Sikukasirikii."

"Basi usiache," akasema. "Kwangua. Mi niko nasikiliza."

Nikachukua kipande cha chupa, nikakwangua ile kuni mbele ya simu. Alikuwa ananielekeza, polepole, geuza upande huu, usikandamize, ondoa kidogo hapo, mpaka chaji ya simu yangu ikaisha.

Ile kuni ilikwisha Jumapili ya tatu. Nimechukua nyingine.