Tonge la Pilipili

Hata leo nikitwanga pilipili nanawa mikono mara tatu, halafu najikuta nimerudi kunawa tena.

Wezi wa mahindi walikuwa wameanza kupita kwetu, na baba alitaka mbwa mkali. Akamfunga mbwa wetu nyuma ya jiko siku tatu bila chakula. Siku ya nne akachukua tonge la ugali wa ulezi, akashindilia ndani pilipili kichaa nilizotwanga mwenyewe, akanipa. "Mpe wewe. Mkononi mwangu hali."

Bibi akatokea na mbwa wake, yule aliyemfundisha kwa kuzunguka naye shamba kila asubuhi, akimpa kipande cha ugali kila alipombwekea mgeni na kunyamaza akiambiwa. Akamtazama baba. "Mwanangu, huyo unamfundisha kulinda nini?"

Upepo ulikuwa unatupeperushia majivu machoni, na mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Mbwa alilimeza tonge bila kunusa, kwa sababu lilitoka kwangu. Kisha akalia, akajiviringisha, akasugua pua kwenye udongo. Alipochoka akaja kutafuta nafuu kwangu, akanilamba vidole, na vidole vilikuwa bado na pilipili.

Wiki iliyofuata nilimpelekea maji. Akanitolea meno yote, akanguruma mpaka bakuli likanidondoka. Baba alikuwa amesimama mlangoni, uso umemchangamka.

"Umeona?" akasema. "Sasa tuna mbwa."