Anari Bado Yuko Langoni

Harufu ya magunzi makavu ya mahindi yakiungua ina utamu wa mbali, kama mkate uliosahauliwa jikoni. Nikiinusa popote, vidole gumba vyangu huanza kuwasha. Mara moja narudi Sumbawanga, sebuleni kwa jirani yetu Mama Deo, nikiwa msichana wa darasa la nne niliyekaa mkekani na beseni mapajani. Na hasira hunipanda upya. Ni hasira ya kitoto, nakiri, lakini nisikilizeni kwanza.

Mama Deo alikuwa mjane, mfanyabiashara wa mahindi, na runinga yake ndiyo ilikuwa pekee mtaani. Hakututoza kiingilio. Ukivuka kizingiti unapewa beseni, unapukuchua huku unatazama. Sheria ilikuwa moja: mahindi yakiisha, runinga inalala.

Kila Jumapili baada ya misa, mwaka ule, ilionyeshwa tamthilia ndefu iliyotokana na riwaya ya kale ya nchi ya mbali, nchi ya theluji na farasi, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Shujaa wake aliitwa Anari, binti wa mtunza farasi aliyepanda vyeo mpaka akawa mlinzi wa lango la mji mkuu. Tulimpenda kama dada yetu. Nje upepo wa Julai ulikuwa unachapa mabati, upepo ule wa Ufipa unaopita hadi kwenye mifupa, na sisi ndani tulikuwa tumejikunyata, macho kwa Anari, mikono kwenye mahindi.

Bila shaka tulijifunza kupukuchua polepole. Bingwa wetu alikuwa rafiki yangu Zeno, ambaye angeweza kulibembeleza hindi moja mpaka matangazo yakapita mara mbili.

"We Zeno," Mama Deo alikuwa akimwambia, "hindi hilo umelianza Pasaka, unataka tulimalizie Krismasi?"

"Gumu, Mama."

"Gumu kichwa chako."

Kisha angegeukia runinga na kumporomoshea waziri msaliti wa tamthilia ile matusi ya Kifipa, ambayo mama yangu alikuwa amenikataza kuyarudia nyumbani. Tulicheka mpaka punje zikamwagika. Kitu kimoja tu kilituudhi. Ndani ya kila gunia alilotufungulia kulikuwa na mahindi ambayo hayakukauka vizuri, punje zimeng'ang'ania, yanachubua ngozi. Tulinong'ona kwamba mama huyu ni bahili, anatubambikia yale yanayokataliwa na wanunuzi.

Basi tukafika sehemu ya mwisho kasoro moja. Jeshi la adui limeuzunguka mji, limemshika mdogo wake Anari, limemfunga kamba shingoni. Anari akifungua lango, mdogo wake anapona na mji unaangamia. Asipofungua, mtoto anakufa mbele ya macho yake. Kamera ikamsogelea. Mkono wake ukagusa komeo. Ikaisha hapo!

Wiki ile sikusoma wala sikula vizuri. Zeno alisema atafungua, mimi nilisema hatafungua, tukaacha kusalimiana. Hata mama yangu, ambaye hakuwahi kuitazama, aliniuliza tukichambua maharage, "Sasa huyo Anari wenu kaamuaje?"

Jumapili tukakimbia kutoka kanisani bila kupitia nyumbani. Uwanjani kwa Mama Deo tulikuta trekta limevuta mashine ya kupukuchua. Deo, mwanawe aliyekuwa ametoka tu kumaliza chuo, alikuwa ameikodi kutoka kijiji cha Milepa. Ilinguruma kama mnyama, inameza mahindi kwa debe, inatema magunzi upande wa pili, vumbi jeupe limefunika uwanja mzima.

"Leo hakuna kazi, wadogo zangu!" Deo alipaza sauti akicheka, kama anayetupa zawadi. "Nendeni mkacheze!"

"Lakini Kaka Deo, Anari..."

Hakusikia. Mlango wa sebuleni ulikuwa umefungwa kuzuia vumbi. Tulisimama ukutani na Zeno, masikio yamebanwa kwenye tofali, tukasikia mashine tu. Muda wa tamthilia ukapita. Lile rundo la magunzi likachomwa jioni, na moshi wake ndio huo ninaouzungumzia.

Nilipokuwa mkubwa niliitafuta riwaya yenyewe, majuzuu matatu mazito, nikaisoma yote nikidhani nitapumua. Loo! Humo mdogo wake Anari anakufa kwa homa mwanzoni kabisa. Lango limetajwa mara moja, tena kupita tu. Waandishi wa tamthilia walikuwa wamejitungia yao. Nikaitafuta tamthilia. Kumbe riwaya ile imeigizwa zaidi ya mara moja, na kila niliyoipata ilikuwa na Anari mwingine, sura ya mgeni. Mimi mwandishi, ninayeishi kwa kutunga miisho, ule mmoja niliouhitaji umenikimbia.

Mwaka jana nilirudi nyumbani, nikaenda kwa Mama Deo. Nilimkuta uani, peke yake, na beseni na rundo la mahindi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda hivyo, huko mjini mnakula nini?"

Sikuwa na subira. "Mama, Anari alilifungua lango?"

Alicheka. "Nilitaka nikuulize wewe."

"Si ulikuwa ndani na runinga?"

"Niliizima. Nyie hamkuwepo. Yule waziri ningemtukana mbele ya nani?"

Hasira yangu ya miaka yote ilisimama pale uani, haina wa kumkabili. Nikajaribu kuitetea: nikamkumbusha Zeno na uvivu wake, nikamkumbusha mahindi yale mabovu yaliyotuchubua.

"Zeno!" alisema. "Mlidhani mnanidanganya. Mashine Milepa zilikuwepo siku zote, mwanangu. Wewe unafikiri yale yasiyokauka nani alikuwa anawachanganyia, na kwa nini?"

Akanisogezea kigoda na beseni la pili.

"Haya, nasikia kitabu chake umekisoma. Nisimulie."

"Si hadithi yetu, Mama. Humo mdogo wake anakufa mapema."

"Kafa kwa nini? Anza mwanzo."

Nikaokota hindi la juu kwenye rundo. Lilikuwa halijakauka vizuri.