Fundi Hodi

Mume wangu alikuwa fundi wa vitasa na kufuli, na mtaa mzima ulimwita Fundi Hodi. Wala hawakumpa jina hilo kwa heshima, walikuwa wanamcheka. Kabla hajagusa mlango wowote, hata wa banda la kuku, aliweka mfuko wa vifaa chini, akasimama wima na kuita, "Hodi!" Kisha akangoja. Hata mlango ukiwa wa stoo iliyojaa saruji, alingoja vilevile. Mimi mwenyewe nilimtania: "Iko siku kuku watakukaribisha, utafanyaje?"

"Nitawasalimia," alinijibu, bila hata kutabasamu.

Ukimuuliza sababu, hakuwa na maneno mengi. Alisema kufuli halina akili. Linamzuia mwizi na linamzuia mwenye nyumba, lenyewe halichagui. Kwa hiyo anayelifunga lazima achague kwa niaba yake, na utachaguaje kama hujui kuna mtu ndani au hakuna? Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya mema na mabaya, na kwa miaka mingi ilimtosha.

Mchana mmoja aliitwa na dereva wa lori aliyekaa nyumba ya kona, ile yenye mlango wa kijani. Kijana mstaarabu, hana neno na mtu. Alitaka komeo na kufuli kwa nje kwenye chumba cha uani. Alisema ni stoo. Mume wangu akaweka mfuko chini, akaita hodi.

"Karibu," kikajibu chumba.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, safi, ya mtu aliyefurahi kupata mgeni. Dereva hakugeuka hata kidogo. "Endelea tu, fundi. Hamna mtu."

"Mbona nimekaribishwa?"

"Ni mama," dereva akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Lakini mama mwenyewe alishaondoka. Hanijui. Hajui hata jina lake. Juzi kawasha jiko akalisahau, jana nimemtoa katikati ya barabara. Nikisafiri nimwache na nani? Kilichobaki humo ni mdomo tu, fundi. Funga."

Mume wangu aliokota mfuko wake akarudi nyumbani. Aliniambia hajui kilichomtisha zaidi, ile sauti au yule kijana, kwa sababu kijana alikuwa sahihi katika kila alichosema isipokuwa kitu kimoja. "Kama hakuna mtu," aliniuliza, "ni nani aliyenikaribisha?"

Siku chache baadaye yule mama alitoka, akaenda zake. Mtaa wote ulimtafuta, mabondeni, hospitali, vituo vya mabasi. Hadi leo haijaonekana hata ndala yake. Dereva hakuja kutulaumu. Alisimama tu kwenye geti letu, akamtazama mume wangu kwa muda, akaondoka, na baadaye akahama kabisa.

Mume wangu akapoteza hamu ya kula. "Ningefunga, angekuwepo," alirudia kila siku mezani.

"Angekuwepo nani?" nilimuuliza mara moja, nikidhani namfariji kwa swali lake mwenyewe. Alinitazama vibaya mno, nikajuta.

Hakuacha kupiga hodi. Ila zamani alingoja kwa utulivu, na sasa alingoja huku jasho likimtoka, akiwa amekodoa macho mlangoni.

Hiyo ni habari ya zamani. Sasa ni mzee, na akili imeanza kumtoka kidogo kidogo. Alianza kwa kuweka bisibisi kwenye friji, tukacheka. Kisha akasahau jina langu, sikucheka. Ananiita "mama mwenye nyumba" na kunishukuru kwa chakula kama mpangaji. Mimi, niliyemzalia watoto! Kuna siku hasira hunipanda, halafu nashindwa nimkasirikie nani.

Kisha likaja hili jambo la kukaribisha. Anakaa kitandani mchana, kimya, halafu ghafla anasema, "Karibu." Kwa sauti safi. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia mlangoni kuangalia ni jirani gani. Hakuna mtu. Nikirudi, namkuta amesogea pembeni, ameacha nafasi ya mtu mwingine kukaa, na anaitazama ile nafasi kwa adabu.

Mwezi uliopita alitoroka. Nilimkuta nyumba ya kona. Siku hizi haikaliwi, nyasi zimefika dirishani na rangi ya kijani imebanduka. Alikuwa amesimama wima mbele ya mlango, kijiko mkononi amekishika kama bisibisi.

"Twende nyumbani, mzee wangu."

"Ngoja," akasema. "Ameshanikaribisha."

Sikusikia kitu. Lakini kusema kweli, na mimi nilingoja.

Binti yetu alipopata habari alikuja na komeo na kufuli ndani ya mfuko. "Mama, umechoka. Utaanguka wewe kabla yake. Mfungie ukienda dukani tu, ukilala kidogo tu."

"Unajua baba yako alikuwa anasemaje."

"Baba hayupo tena, mama. Tukubali." Akaanza kulia.

Sikumgombeza. Alikuwa amesema maneno ya dereva, karibu yaleyale, na alilia vilevile. Na nimechoka kweli. Sijalala usingizi wa maana tangu alipotoroka.

Kesho yake mchana nilichukua bisibisi ya mume wangu mwenyewe na kuliegesha komeo kwenye mlango wa chumba chake. Kazi naijua, nimemtazama maisha yangu yote. Mkono ulikuwa umeshaipata skrubu ya kwanza, mdomo ukasema wenyewe:

"Hodi."

Kimya. Nikangoja. Mungu anisamehe, niliomba asijibu. Akinyamaza, nitafunga kwa moyo mweupe, nikalale. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaanza kukaza skrubu.

"Fundi," akasema kutoka ndani, kwa sauti yake ya kazi, ile ambayo sijaisikia kwa miaka. "Kuna mtu ndani."

Bisibisi ilinidondoka. Niliacha komeo likining'inia, nikaingia, nikakaa naye kitandani na kumshika mkono. Nililia, naye aliniacha nilie. Kisha akanigusa bega taratibu, kama mtu anayeona haya kumsumbua mgeni.

"Sogea kidogo," akaninong'oneza, "umpishe yule mama akae."

Nikasogea.